Kebini ya meli ya kitalii: mwongozo kamili wa kupanga mizigo chumba kikutoshe

Kwa miaka sita nilitandika vyumba kwenye meli za kitalii. Malalamiko niliyoyasikia kuliko yote ni haya: chumba ni kidogo. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa na mumewe na watoto wawili. Nilimkuta amesimama katikati ya masanduku manne yaliyoachama, mawili juu ya kitanda, moja kwenye sofa, na la nne limeziba mlango wa bafu hata mtoto hana pa kupita. Nikamwomba dakika 15. Tukatoa nguo zote, kila mtu tukampa rafu yake na droo yake, masanduku tukayatia moja ndani ya jingine na kuyasukuma chini ya kitanda. Sakafu ikaonekana. Jioni nilipopita kutandika, watoto walikuwa wanacheza karata chini, na mama amejinyoosha kwenye sofa.

Tangu nirudi Mombasa, jamaa na marafiki wananipigia kabla ya safari zao. Wengine wanapandia Durban kwenda visiwa vya Msumbiji, wengine Dubai, na ndugu zetu walioko Texas wanapandia Galveston. Swali ni lile lile: tutaweka wapi vitu? Jibu langu halibadiliki. Kebini imepimwa kwa mtu anayetoa vitu vyake kwenye sanduku na kuvipanga. Ukitaka kuishi ndani ya sanduku kwa siku saba, hata chumba kikubwa zaidi kitakushinda.

Kijue chumba kabla hujafunga mzigo

Kebini ya kawaida ya watu wawili, isiyo na dirisha au yenye dirisha, huwa kati ya futi za mraba 140 na 190, yaani mita za mraba 13 hadi 17 hivi, bafu likiwemo. Aliyewahi kupanga chumba cha futi 10 kwa 10 Nairobi atajua hapo si pabaya. Kwenye chumba kile mtu ana jiko, kitanda, ndoo za maji na sofa, na wageni wanakuja na kukaa. Anayeshindwa melini ni yule aliyezoea kuona kabati kubwa na kuliacha nusu tupu.

Kebini nyingi za siku hizi hazijengwi ndani ya meli. Zinatengenezwa kiwandani zikiwa nzima, bafu tayari na kioo kimeshatundikwa, halafu zinapelekwa bandarini na kusukumwa ndani ya meli kama droo inavyosukumwa kwenye meza. Meli zinazojengwa Turku huko Ufini, kama Icon of the Seas iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, zinapata kebini zake kutoka kiwanda cha jirani, Piikkiö. Nayaeleza haya kwa sababu yana faida mbili kwako. Kwanza, kebini za daraja moja kwenye meli moja zinafanana sana, kwa hiyo ukitafuta mtandaoni video ya chumba cha aina yako ndani ya meli hiyo hiyo, umeshakiona chako. Hesabu milango ya kabati. Tazama kama kuna droo chini ya sofa. Angalia kama kitanda kina miguu au kimekaa juu ya sanduku la mbao. Faida ya pili ni kwamba kuta zake huwa za bati la chuma lililofunikwa kwa plastiki au karatasi ngumu, na chuma hushika sumaku. Hilo nitalirudia, maana ndiyo nafasi kubwa ambayo abiria hawaioni.

Siku unapokata tiketi, uliza swali moja tu kuhusu mzigo: chini ya kitanda kuna uwazi wa kiasi gani? Meli nyingi zina nafasi ya kutosha sanduku kubwa likilazwa, lakini si zote. Sanduku gumu lililovimba, lenye unene unaozidi shubiri moja na nusu, linaweza kugoma. Begi la kitambaa linakunjika na kupita popote. Mkiwa wawili, nunueni masanduku mawili ya ukubwa tofauti ili dogo liingie ndani ya kubwa likishakuwa tupu.

Vya kubeba na vya kuacha

Anza na vya kuacha, maana vitachukuliwa bandarini na mara nyingi utarudishiwa siku ya kushuka tu. Pasi ya nguo, birika la umeme, jiko la koili, mishumaa. Udi na ubani pia, pamoja na chetezo cha umeme. Najua wanaopenda kufukiza nguo za safari watasikitika, lakini ndani ya meli moto ndio adui wa kwanza, na kitambuzi cha moshi kilicho darini hakitofautishi udi na godoro linaloungua. Dada yangu hufunga vipande vya udi visivyochomwa kwenye kitambaa chepesi na kuvitia kati ya nguo. Akifungua droo, harufu ni ile ile ya nyumbani.

Chakula kilichopikwa hakiruhusiwi kupanda. Biskuti na vitu vikavu vilivyofungwa kiwandani kwa kawaida havina shida kupanda navyo, ila usishuke navyo kwenye bandari ya nchi nyingine bila kusoma masharti yake.

Vya kubeba ni vidogo na havina uzito: ndoano za sumaku 8 au 10 zenye nguvu, vibanio vichache vya sumaku kwa ajili ya karatasi, mifuko ya kitambaa yenye zipu ya kupangia nguo, kamba nyembamba ya kuanikia, mfuko mkubwa wa nguo chafu, taa ndogo ya usiku inayotumia betri, na leso mbili. Leso usizidharau. Inafunika, inafunga, inatenganisha, inakaushia, na ikikunjwa haichukui nafasi ya kitabu.

Begi la mkononi lipange kivyake. Siku ya kupanda, masanduku makubwa utawaachia mahamali hapo bandarini, nao huyapakia yakapite kwenye mashine za ukaguzi. Yanaweza kufika mlangoni kwako alasiri, au usiku baada ya chakula. Kwa hiyo pasipoti, kadi ya manjano ya chanjo, dawa zote, miwani, simu na chaja, nguo moja ya kubadilisha na nguo za kuogelea za watoto vikae mkononi. Niliwahi kuhudumia mzee aliyetia dawa zake za presha kwenye sanduku kubwa. Lilichelewa kwa sababu lilikuwa limewekwa kando likisubiri kufunguliwa, ndani mna pasi. Tulilitafuta mpaka saa nne usiku, yeye ameketi kando ya kitanda akitazama mlango.

Saa ya kwanza

Ukifika chumbani usilale na usikimbilie buffee. Saa hii ndiyo itaamua wiki yako.

Fungua kila kitu kinachofunguka. Nasema kila kitu. Sukuma kioo cha kwenye meza ya kujipambia, kwa kuwa mara nyingi nyuma yake kuna rafu tatu nne. Inua kifuniko cha kigoda, kwani baadhi ni masanduku. Vuta sehemu ya chini ya sofa. Piga magoti utazame chini ya kitanda kwa tochi ya simu. Fungua kabati la juu ya kitanda kama lipo, na kijikabati cha chini ya televisheni. Nimeona abiria wakikaa siku 10 bila kujua kwamba kioo kirefu walichojitazama kila asubuhi ni mlango wa kabati.

Ukishajua nafasi zote, gawanyeni kabla sanduku halijafunguliwa. Kila mtu apewe upande wake wa kabati na droo zake, watoto wapewe za chini wanazozifikia wenyewe. Hapa ndipo mifuko ya zipu inapokusaidia. Kama ulifunga nguo nyumbani kwa mifuko, hii ya ndani, hii ya kuogelea, hii ya watoto, unatoa mfuko mzima na kuutia kwenye rafu. Rafu za meli ni ndefu kwenda ndani, na nguo ya nyuma ikishazama utaikumbuka siku ya kushuka.

Vizito viende chini. Viatu, chupa na vitabu viwe kwenye droo za chini au sakafu ya kabati, vyepesi juu. Meli kubwa zina mapezi ya kupunguza mrama, lakini siku ya bahari chafu chombo kitayumba tu, na chupa ya manukato iliyoachwa ukingoni mwa meza itaanguka. Usiku ukisikia mlango wa kabati unapiga, toka kitandani uangalie droo zote zimefungwa sawasawa.

Mwisho kabisa ndipo masanduku, moja ndani ya jingine, chini ya kitanda. Yasukume upande wa kichwani, uache nafasi ya mbele kwa viatu na mfuko wa nguo chafu. Kama kitanda kimeunganishwa kutoka viwili, katikati kutakuwa na miguu inayozuia, basi ingiza kutoka pembeni.

Sakafu iliyobaki ni mali. Kwa sisi tunaosali ndiyo msikiti wetu, kipande kile kati ya kitanda na meza, na sanduku moja likikaa hapo umeshapoteza mahali pa kutandika msala. Kuhusu kibla, usiitegemee sana dira ya simu ukiwa ndani, kwani chuma kilichokuzunguka kinaipotosha. Washa televisheni ya chumbani. Meli nyingi zina idhaa ya ramani inayoonyesha meli ilipo na inakoelekea, na ukijua omo, yaani mbele ya meli, iko wapi utapata upande wako. Ila meli inageuka, kwa hiyo tazama kila wakati wa sala.

Kabati, kanzu na henga zinazogonga

Kabati la kebini huwa na sehemu mbili, ya kutundika na ya rafu, na mara nyingi ile ya kutundika imekatwa katikati na rafu ya chini au na sefu. Shati na koti fupi vitakaa. Kanzu, buibui na gauni refu vitajikunja chini na kupata makunyanzi, na pasi huna. Tafuta upande wenye urefu kamili na uutengee nguo hizi kabla mwenzako hajatundika fulana. Kama haupo, tundika kanzu, kisha pindo lake lipitishe juu ya henga ya jirani, lisikunjwe. Makunyanzi yakishaingia, itundike bafuni wakati mtu anaoga maji ya moto, mvuke utayalainisha.

Henga hazitoshi kamwe. Omba zaidi kwa mhudumu, ni jambo dogo kwake. Juu ya henga moja unaweza kuvalisha nguo mbili tatu za seti moja, blauzi juu ya sketi yake, hivyo utachukua seti nzima kwa mkono mmoja.

Kuna kelele moja nataka uijue mapema, maana imewakosesha watu usingizi na wakadhani ni injini. Bahari ikichafuka kidogo, henga tupu huanza kugongana: ko, ko, kimya, ko, ko, kwa mwendo wa mawimbi. Usiku wa manane nilikuwa naitwa na abiria wanaotaka fundi. Nilikuwa naingia, nafungua kabati, nachukua taulo ya mkono, naipitisha kama nyoka kati ya henga zile. Basi. Wewe tumia leso yako, au toa henga zisizo na nguo uzilaze kwenye rafu.

Kwenye rafu ya juu unaweza kukuta majaketi ya kuokolea. Usiyaondoe ili upate nafasi, wala usiyafukie kwa masanduku. Meli nyingi mpya huyaweka kwenye vituo vya kukutania wakati wa dharura, lakini yakiwa chumbani mwako lazima mkono uyafikie gizani. Kama yanakubana, mwombe mhudumu akuonyeshe mahali pengine panaporuhusiwa ndani ya chumba hicho hicho. Baada ya Costa Concordia kupinduka Januari 2012, huku abiria waliopanda siku ile wakiwa hawajafanya zoezi la dharura, kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na tangu 2015 zoezi linafanyika kabla ya meli kung'oa nanga au mara inapong'oa. Ukirudi kutoka zoezini, liguse jaketi lako ulipoliweka.

Kuta zako ni shubaka

Nyumba zetu za kale za Lamu na Mombasa zina mashubaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo na misahafu. Wazee walijua kwamba chumba chembamba hupata nafasi kwenye ukuta. Kebini haina shubaka, lakini ina chuma.

Jaribu kwa ndoano moja kwanza. Kuta zilizofunikwa kwa kioo, mbao nene au kitambaa kilichojazwa hazishiki, lakini karibu kila kebini ina angalau ukuta mmoja unaoshika, na mlango wa kutokea hushika karibu siku zote. Panga ndoano kwa kazi zake. Karibu na mlango weka za kofia, kadi za chumba zenye kamba ya shingoni na mkoba wa kutokea. Karibu na bafu weka za taulo na nguo za kuogelea. Pembeni mwa kitanda weka moja ya mfuko mdogo wa kitambaa wenye simu, miwani na maji, kwa anayelala upande usio na meza. Jirani na meza weka vibanio vya karatasi: ratiba ya siku, tiketi za matembezi, risiti.

Ndoano nzuri hubeba kilo kadhaa kwenye chuma kitupu, lakini ule ufuniko wa plastiki unaipunguzia nguvu na kitu kizito kitateleza chini taratibu. Kofia, mkoba, taulo, sawa. Begi la kamera usilitundike. Na sumaku hizi ziweke mbali na saa za mshale, mtoto mchanga asizifikie, na aliye na kifaa cha moyo mwilini asizishike kabisa. Gundi, misumari na utepe wa kubandika havitakiwi, na wengine hukataza hata zile ndoano za chuma za kupachika juu ya mlango kwa sababu zinakwangua rangi.

Bafu

Bafu la kebini ni dogo kweli, hapo sibishani. Ukiwa ndani, mlango umefunga, unaweza kugusa kuta mbili kwa viwiko. Rafu zake ziko pembeni mwa kioo au nyuma yake, na huwa na ukingo mdogo wa kuzuia vitu visianguke. Usilete chupa kubwa. Hamisha mafuta na shampuu kwenye vichupa vidogo, na vyote vya mtu mmoja vitie kwenye mfuko mmoja wa kutundika nyuma ya mlango. Mkiwa wanne, kila mtu anaingia na mfuko wake na kutoka nao, rafu ibaki na sabuni na miswaki.

Mpira wa maji wa chooni usiutegemee. Beba kopo la plastiki la kubinya, lisimame nyuma ya choo. Na choo chenyewe kinavuta kwa hewa, hakipokei chochote isipokuwa karatasi yake. Ukitupa kitambaa unaweza kuziba vyoo vya majirani zako.

Kwenye shawa nyingi kuna kiduara cha chuma ukutani chenye kamba unayoivuta hadi ukuta wa pili. Hiyo ndiyo kamba ya kuanikia. Nguo iliyokamuliwa vizuri ndani ya taulo, yaani uitandaze juu ya taulo, uviringishe vyote pamoja na kuminya, hukauka hadi asubuhi. Kama kamba haipo, tumia ile yako na ndoano mbili za sumaku.

Usianike roshani. Upepo wa meli inayokimbia utaibeba leso yako na hutaiona tena, na kuna sababu nzito zaidi. Machi 2006, meli ya Star Princess ikielekea Montego Bay, Jamaica, iliungua kuanzia kwenye roshani, na kisababishi kilichodhaniwa ni kipande cha sigara. Moto ulipita roshani hadi roshani, na abiria mmoja alifariki. Roshani ni ya viti viwili na kikombe cha chai, isiwe stoo.

Kwa wanaosafiri na watoto, ujue mapema kama meli yako ina chumba cha kufulia cha abiria. Kampuni ya Princess na meli nyingi za kampuni ya Carnival wana mashine za kufua na kukausha unazoziendesha mwenyewe. Kampuni ya Royal Caribbean hawana, unawapa nguo na kulipia. Tofauti hii peke yake inaweza kupunguza nusu ya mzigo wako.

Umeme

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu plagi yetu ya pini tatu za mraba, ile ya Kenya, Tanzania, Uganda, Oman na Dubai, haiingii kwenye soketi za meli nyingi. Utakuta soketi za Kimarekani za volti 110 zenye matundu mawili bapa, na za Kiulaya za volti 220 zenye matundu mawili ya duara. Meli zilizotengenezewa soko la Uingereza zinaweza kuwa na ya kwetu. Beba adapta mbili, moja ya kila aina. Chaja za simu na kompyuta karibu zote hukubali volti zote mbili, lakini soma maandishi madogo yaliyo juu yake: yakisema 100 hadi 240, tulia. Mashine ya kukaushia nywele ya nyumbani iache, kwani kebini nyingi zina yake ndani ya droo.

Ekstensheni yenye kinga dhidi ya kuruka kwa umeme imekatazwa, na watu hukasirika kwa sababu nyumbani ndiyo inayolinda televisheni. Umeme wa meli haujaunganishwa na ardhi kama wa nyumbani, hivyo kinga ile inaweza kupata moto na kuungua badala ya kulinda. Kampuni nyingine zimekataza ekstensheni za kila aina. Njia salama ni chaja moja ya ukutani yenye matundu manne ya USB, isiyo na waya mrefu. Inatumia soketi moja na kuchaji familia nzima. Iweke mezani, ipe kikapu au bakuli ambamo simu zote zinalala, na usiku hakuna atakayeuliza chaja iko wapi. Angalia pia nyuma ya televisheni na kando ya taa ya kitandani, soketi hujificha huko.

Sefu na friji

Sefu utaikuta kabatini. Inatosha pasipoti, fedha, dhahabu na kishikwambi, na wakati mwingine kompyuta ndogo. Tia namba unayoikumbuka ukiwa na usingizi, wala isiwe namba ya chumba wala mwaka wa kuzaliwa. Mimi huwaambia watu waweke ndani ya sefu kitu kimoja wasichoweza kuondoka bila hicho, kama funguo za nyumbani, ili siku ya kushuka isisahaulike. Kama meli itachukua pasipoti kwa ajili ya uhamiaji, jambo la kawaida kwenye baadhi ya njia, bakiza nakala.

Friji ndogo mara nyingi imejaa vinywaji vya kuuzwa. Mwombe mhudumu avitoe, upate nafasi yako na usije ukalipia soda aliyofungua mtoto. Lakini kuwa mwangalifu: nyingi hupoza tu, hazifiki ubaridi wa friji ya nyumbani. Insulini ambayo haijafunguliwa inahitaji nyuzi 2 hadi 8, na kuna vifriji vya kebini visivyofika hapo. Wajulishe kampuni mapema kwamba unahitaji friji ya dawa, na ukifika chumbani ihakikishe kwa macho yako kabla meli haijaondoka.

Watoto, vigari na viti vya magurudumu

Mkiwa watatu au wanne, vitanda vya ziada hushuka kutoka ukutani au darini, au sofa inakunjuliwa. Ngazi yake hukaa chini ya kitanda mchana, kwa hiyo usijaze nafasi yote. Kubalianeni na mhudumu saa ya kuvishusha na kuvipandisha, maana vikibaki chini mchana kutwa nusu ya chumba imekwenda.

Kigari cha mtoto na kiti cha magurudumu haviwezi kuachwa koridoni, hiyo ni njia ya kutorokea moto ukitokea. Pima upana wake kikiwa kimekunjwa. Mwenye kiti kikubwa cha umeme aombe kebini maalumu yenye mlango mpana, na aombe mapema sana kwa sababu ni chache kwenye kila meli.

Mtumie mhudumu wako

Mhudumu ana vyumba vingi kwa zamu, na anaipenda familia inayosema inachotaka siku ya kwanza. Msalimie, muulize jina, kisha mwambie yote kwa mara moja: henga zaidi, mito ya mapambo aitoe, vitanda avitenganishe au aviunganishe, meza ndogo ya kahawa aisogeze, vinywaji atoe kwenye friji. Vyote hivyo ni nafasi. Na sakafu ikiwa wazi yeye pia anamaliza kazi vizuri. Chumba chenye masanduku chini nilikuwa naweza kukipangusa, lakini kukisafisha sikuweza.

Usiku wa mwisho

Utaletewa vitambulisho vya rangi vya kufunga kwenye masanduku, pamoja na saa ya kuyatoa koridoni, kwa kawaida kabla ya usiku wa manane. Kabla hujayasukuma nje, toa na utandaze kitandani utakachovaa kesho: nguo za ndani, suruali au gauni, na viatu. Nimeshagongewa mlango saa kumi na moja alfajiri na mtu mzima asiye na viatu, masanduku yake yakiwa sitaha tatu chini yamefungiwa na mamia mengine. Dawa, pasipoti na chaja zirudi kwenye begi la mkononi.

Ukitaka, unaweza kubeba mzigo wako mwenyewe asubuhi na kushuka nao, mradi uweze kuuhimili kwenye ngazi.

Kisha pita chumba kwa mpangilio ule ule wa saa ya kwanza, kitu kwa kitu. Vile vitu nilivyokuwa naviokota baada ya abiria kuondoka vilikuwa karibu kila mara mahali pamoja: chaja kwenye soketi ya nyuma ya televisheni, nguo ya kuogelea kwenye kamba ya shawa, kiatu kimoja cha mtoto chini ya kitanda upande wa ukutani, blanketi dogo la mtoto limejiviringa ndani ya shuka, na ndoano za sumaku bado ziko mlangoni. Sefu iache wazi, mlango wake umeachama, ili wewe na mhudumu wote mwone kwamba ni tupu.